KIINI KIPYA, VIPANDE VYA KALE: Kwa Nini Tarakilishi Hukataa Moduli Baada ya Kujengwa Upya

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili wamezoea kusoma humu makala ya ngeli, methali na uchambuzi wa riwaya. Mwaka huu nimeomba nafasi niandike juu ya jambo la mashine, tena kwa Kiswahili tupu. Kuna watu wanaosema ati mambo ya ndani ya tarakilishi hayasemeki kwa lugha yetu. La hasha! Mwaka wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili. Ikiwa wao waliweza, sisi wa Bofu tutashindwa na nini?

Somo langu ni hili: mtu amejenga upya mfumo wa uendeshaji wa tarakilishi yake kutoka msimbo asilia, akaiwasha, na sehemu fulani ya mashine ikagoma kufanya kazi. Je, imeharibika? Je, afute kila kitu aanze upya? Nitaeleza kama nilivyofunzwa, hatua kwa hatua.

1. Maneno tutakayotumia

Mfumo wa uendeshaji ni programu kuu inayosimamia mashine nzima. Mfano nitakaoutumia ni FreeBSD, mfumo wa bure uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka wa 1993. Si mgeni huku kwetu Afrika. Warsha za AfNOG, zilizoanza mwaka wa 2000 na kufika Nairobi mwaka wa 2006, ziliutumia kwa miaka mingi kuwafunza mafundi wa mitandao wa bara hili.

Ndani ya mfumo huo kuna kerneli. Neno hili limenisumbua. Mwenzangu mmoja alipendekeza "kokwa", kwa kuwa kokwa ya embe iko katikati. Lakini kokwa tunaitupa! Mimi nimechagua "kiini", kama kiini cha yai. Kiini ndicho kinachozungumza na vifaa: diski, kibodi, skrini na waya wa mtandao. Programu nyingine zote hukiomba kiini kiwafanyie kazi hizo.

Moduli ni kipande cha ziada cha kiini. Kiini hakibebi kila kitu tumboni. Kadi ya picha ikihitaji kipande chake, kiini hukipakia mashine inapowaka, na kuanzia hapo kipande hicho huwa sehemu ya kiini chenyewe, chenye nguvu zote za kiini.

Msimbo asilia ni maandishi ya waandishi wa programu kabla ya kugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Kujenga ni huko kugeuza.

2. Kwa nini kipande hakishiki?

Wakazi wa Bofu mnalikumbuka daraja la kuelea la Liwatoni, lililojengwa mwaka wa 2020 kuwavusha waenda kwa miguu kati ya Liwatoni na Ras Bofu. Lilikuwa la vipande vinavyoelea, vilivyoshikana kimoja na kingine. Hebu fikiria mhandisi abadilishe vipimo vya viungo vya daraja zima, halafu mtu alete kipande kilichochongwa kwa vipimo vya awali. Kipande ni kizima, chuma chake ni imara, lakini mashimo hayalingani. Hakiingii. Na kikilazimishwa, ole wao watakaopita juu yake!

Kwenye tarakilishi mambo ni hayo hayo. Chukua mfano wa rejista ya darasa. Karani mmoja amezoea kwamba safu ya kwanza ni jina, ya pili ni nambari, ya tatu ni karo. Hasomi vichwa vya safu, amekariri tu. Mwaka mpya mwalimu anaongeza safu ya tarehe ya kuzaliwa baada ya nambari. Karani yule anaendelea kusoma safu ya tatu akidhani ni karo, kumbe anasoma siku za kuzaliwa! Hesabu zote zinaharibika, na yeye hana habari.

Moduli ni karani wa namna hiyo. Wakati wa kujengwa hukariri mpangilio wa kumbukumbu za kiini cha siku ile. Kiini kikijengwa upya kwa toleo jingine, mpangilio huenda ukabadilika. Programu ya kawaida ikikosea, hufa peke yake. Moduli ikikosea, iko ndani ya kiini, na mashine nzima huzimika. Ndiyo maana kiini hukagua kwanza, na kikiona tofauti hukataa. Kukataa huko si ubaya. Ni mlinzi anayefanya kazi yake.

3. Hukaguaje? Kwa hesabu

Hapa wanahisabati watafurahi. Kila toleo la FreeBSD lina nambari yake ndefu. Toleo la 13.2 ni 1302001. Toleo la 14.0 ni 1400097. Tarakimu mbili za kwanza ndizo namba kuu ya toleo.

Moduli inapojengwa hupigwa muhuri wa mipaka miwili. Mpaka wa chini ni nambari ya toleo ilipojengwa. Mpaka wa juu ni mwisho wa namba kuu hiyo hiyo. Kwa hiyo moduli iliyojengwa juu ya 13.2 husema: nakubali kiini chochote kuanzia 1302001 hadi 1399999. Sasa ipeleke kwa kiini cha 1400097. Je, 1400097 imo katikati ya mipaka hiyo? Haimo. Basi, imekataliwa.

Tazama pia upande wa pili. Moduli iliyojengwa juu ya toleo jipya haikubaliki kwa kiini cha zamani, kwa sababu kiini hicho kiko chini ya mpaka wa chini. Na kuna hatari ya tatu iliyojificha: moduli ya 14.0 kwenye kiini cha 14.1. Hesabu inakubali, mlango unafunguliwa, lakini kuna moduli, hasa za kadi za picha, zinazotegemea sehemu za ndani ambazo hubadilika hata kati ya matoleo madogo. Kwa hivyo muhuri kukubaliwa si hakikisho la usalama. Usalama ni kujenga moduli upya kila unapojenga kiini.

4. Kisa cha chumba cha kusomea

Mwezi wa Machi mwaka wa 2024 jambo hili lilitufika hapa hapa mtaani. Kuna chumba cha kusomea chenye tarakilishi chache kuukuu ambacho vijana wengi hukitegemea jioni. Katika mashine moja wanafunzi wanne wa kidato cha nne walikuwa wamehifadhi mradi wao wa Somo la Tarakilishi, ule wa karatasi ya tatu ya KCSE. Kazi ya majuma sita! Nakala nyingine hawakuwa nayo.

Kijana mmoja wa kujitolea aliijenga upya mashine hiyo kutoka 13.2 hadi 14.0, akamaliza, akasafiri. Kesho yake ilipowashwa, madirisha na picha hazikutokea. Skrini ilikuwa nyeusi, maandishi meupe, na neno la kuomba jina la mtumiaji. Basi. Mzee msimamizi akamwita fundi aliyekuwa akipita njia. Fundi akatazama dakika mbili, akasema, "Hii imekufa. Nifute diski niweke mfumo mwingine, kabla ya magharibi mtakuwa mnatumia."

Wale wanne walibaki midomo wazi. Mmoja wao alianza kulia.

Bahati njema alikuwapo dada mmoja aliyesomea mambo haya. Akamwambia msimamizi, "Mzee, naomba asifute. Kama mashine inaomba jina, basi diski ni nzima na kiini kinafanya kazi. Tupe saa moja."

"Una hakika, mwanangu?" Mzee akauliza. "Hawa watoto wana mtihani."

"Kwa sababu ya mtihani wao ndiyo nasema asifute."

Nilikaa kando yake nikiandika kila alichofanya. Hatua zifuatazo ndizo hizo.

5. Hatua za kutafuta chanzo

Hatua ya kwanza: okoa kazi za watu. Kabla ya kutengeneza chochote, Dada aliingia kwa jina na nywila katika ile skrini nyeusi, akaorodhesha faili za wanafunzi kwa amri ya ls. Zote zilikuwapo. Akachomeka kidude cha kuhifadhia, akakiunganisha:

mount -t msdosfs /dev/da0s1 /mnt

Kisha akanakili kila kitu, akakitenganisha kwa umount /mnt. Kufikia hapo yule aliyekuwa akilia alishafuta machozi. Zingatia: picha kukosekana si faili kupotea.

Hatua ya pili: soma ujumbe, usibahatishe. Kiini huandika shajara ya kila kinachotokea mashine inapowaka. Shajara hiyo husomwa kwa amri dmesg. Tulikuta mstari huu:

KLD drm.ko: depends on kernel - not available or version mismatch

Maana yake kwa lugha yetu: moduli iitwayo drm.ko inahitaji kiini cha toleo fulani, na kiini hicho hakipo au toleo halilingani. Mstari mmoja tu, na umetaja mshukiwa pamoja na kosa lake! Yule fundi hakuusoma.

Hatua ya tatu: linganisha matoleo. Amri ni:

freebsd-version -kru

Hutoa majibu matatu: kiini kilichowekwa kwenye diski, kiini kinachoendesha mashine sasa hivi, na toleo la programu za kawaida za mfumo. Yote matatu yakiwa sawa, ujenzi ulikamilika. La kwanza likitofautiana na la pili, huenda kiini kipya kimewekwa lakini mashine haijawashwa upya. La tatu likiwa nyuma, huenda hatua ya mwisho ya ujenzi ilirukwa. Kwetu yote yalisema 14.0.

Hatua ya nne: uliza moduli inakaa wapi. Hili ndilo swali la msingi. Katika FreeBSD kuna makao mawili. Makao ya kwanza ni /boot/kernel. Moduli za huko hujengwa pamoja na kiini, kutoka msimbo mmoja, siku moja. Makao ya pili ni /boot/modules. Humo mna moduli za nje, zilizowekwa kama vifurushi, na msimbo wake haumo katika msimbo wa mfumo.

Ikiwa aliyekataliwa yuko /boot/kernel, shuku ujenzi wenyewe: uwekaji wa kiini ulikatika njiani. Ikiwa yuko /boot/modules, shuku kifurushi cha zamani ambacho hakikujengwa upya. Amri kldstat huonyesha moduli zilizokubaliwa, na ls huonyesha faili zilizo katika kila makao. Tulimkuta drm.ko ndani ya /boot/modules, na tarehe yake ilikuwa ya kabla ya ujenzi. Mwizi ameshikwa na kidhibiti mkononi!

6. Tiba

Mwanzo, meneja wa vifurushi mwenyewe alihitaji kusasishwa kwa sababu namba kuu ya toleo ilikuwa imebadilika:

pkg bootstrap -f

Pili, moduli ya kale ikatolewa, na mpya ikajengwa hapo hapo kutoka msimbo wake:

pkg delete drm-510-kmod
cd /usr/ports/graphics/drm-515-kmod
make install clean

Hapa Dada alinionya juu ya mtego mmoja. Moduli ya nje inapojengwa huchukua vipimo kutoka saraka ya /usr/src, ulipo msimbo wa mfumo. Ikiwa msimbo wa hapo ni wa toleo tofauti na kiini kinachotumika, utajenga saa nzima na moduli mpya itakataliwa vile vile. Wengi huchoka hapo na kusema mashine ina mashetani. Haina. Fundi wa nguo akipewa vipimo vya mtu mwingine, hata ashone mara kumi nguo haitakaa mwilini. Hakikisha kwanza vipimo ni vya mwenyewe.

Tatu, tulijaribu bila kuzima mashine:

kldload i915kms

Hiyo ni moduli ya kadi ya picha ya Intel, inayoitegemea drm. Skrini ilimetameta, maandishi yakawa madogo na safi. Kldstat ikaonyesha drm na i915kms zimekaa pamoja. Baadaye vifurushi vyote vingine navyo vikawekwa upya kwa pkg upgrade -f, maana namba kuu ikibadilika hivyo ndivyo ipasavyo. Saa moja aliyoomba Dada ilizidi kidogo, lakini wanafunzi walifungua mradi wao jioni ile ile.

7. Kinga

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kinga ni tatu.

(a) Fuata mpangilio. Ujenzi wa FreeBSD una mfuatano wake: make buildworld, halafu make buildkernel, halafu make installkernel. Hapo washa mashine upya. Ikiwaka salama, endelea na etcupdate -p, make installworld, kisha etcupdate, na uwashe tena. Kiini hutangulia kwa sababu kiini kipya huweza kuzihudumia programu za zamani, lakini kiini cha zamani hakina ahadi ya kuelewa programu mpya. Mwenye haraka akigeuza mfuatano huu anaweza kubaki na mashine isiyoweza hata kuorodhesha faili.

(b) Iambie mashine ikukumbushe. Ndani ya faili /etc/src.conf andika mstari huu:

PORTS_MODULES=graphics/drm-515-kmod

Tangu siku hiyo kila ukijenga kiini, moduli hiyo ya nje nayo hujengwa na kuwekwa pamoja nacho. Mstari huu mmoja ungetuepusha na kisa kizima.

(c) Usitupe kiini cha zamani. Unapoweka kiini kipya, kile ulichokuwa ukikitumia huhamishiwa /boot/kernel.old. Kiini kipya kikigoma kabisa, mwanzoni mashine inapowaka unaweza kukichagua kile cha zamani kwenye menyu. Lakini tahadhari: ukiweka kiini mara ya pili, nakala ya kwanza hufutwa. Ikiwa unacho kiini unachokiamini, kinakili mapema kwa jina lake mwenyewe:

cp -Rp /boot/kernel /boot/kernel.nzuri

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Iwe mkononi kabla nyoka hajatokea.

8. Neno kwa watumiaji wa Linux

Huenda shuleni au nyumbani kwenu kuna Linux, kazi iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991. Somo ni lile lile, majina tu yanabadilika. Moduli hukaa katika /lib/modules, kila toleo la kiini na saraka yake. Amri uname -r hutaja kiini kinachotumika. Modinfo huonyesha muhuri wa moduli, uitwao vermagic. Muhuri usipolingana, mashine huandika Invalid module format, yaani umbo la moduli halifai. Ukiona hivyo, usifute diski. Linganisha toleo la moduli na la kiini, kisha jenga upya moduli.

Wapenzi wasomaji, nimejitahidi kuonyesha kwamba Kiswahili kinabeba mzigo huu bila kuyumba. Palipokosekana neno, tumeazima na kulivisha kanzu yetu. Mwenye neno bora kuliko "kiini" na alilete katika kikao cha chama, tulijadili.

Maswali ya kujipima

1. Moduli imejengwa juu ya toleo lenye nambari 1400097. Taja mipaka yake miwili. Je, itakubaliwa na kiini cha 1302001? Eleza kwa hesabu.
2. Kwa nini kosa la moduli ni la hatari kuliko kosa la programu ya kawaida? Tumia mfano wa rejista au mfano wako mwenyewe.
3. Moduli iliyokataliwa iko katika /boot/kernel. Utashuku nini? Na ikiwa iko katika /boot/modules?
4. Jirani yako amejenga moduli upya mara mbili na bado inakataliwa. Ni saraka gani utamwambia aikague, na kwa nini?
5. Fundi anataka kufuta diski ya mashine inayoomba jina la mtumiaji. Andika mazungumzo mafupi kati yako na yeye, ukimzuia kwa heshima na kwa hoja.

Majibu ya swali la tano yaletwe kwa mhariri. Mazungumzo bora yatasomwa mbele ya wanachama wote. Kwa leo nakomea hapa. Wasalaam.